Jua la Saa Saba Mpakani Rusumo

Mimi ni fundi wa mapaa. Nimeezeka nyumba Rusumo mpakani, Benako na Kasulo, Ngara mjini kule juu mlimani, na upande wa Biharamulo kuanzia Nyakahura hadi Lusahunga. Malalamiko ninayoitiwa kila mwaka ni matatu, na mara nyingi yanatoka kwenye nyumba moja: mchana ndani hakukaliki, jioni upepo umetaka kuondoka na bati, alfajiri watoto wanatetemeka. Mwenye nyumba huyahesabu kuwa matatizo matatu. Kwa macho ya fundi ni tatizo moja, nalo liko juu ya kichwa chake.

Nianze na jua lenyewe. Ukivuka daraja la Rusumo kuingia Rwanda unarudisha saa nyuma kwa saa moja. Madereva wa malori wamezoea, hata hawashangai. Lakini jua la upande wetu linafuata saa ya kule ng'ambo. Saa ya Tanzania imepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, mstari ambao kwa usawa wetu unapita ndani ya Bahari ya Hindi, mbali na pwani. Sisi wa Rusumo tuko karibu nyuzi 31. Tofauti hiyo ni takriban saa nzima ya mwendo wa jua. Kwa hiyo jua la huku halifiki utosini saa sita mchana, linafika karibu saa saba, na asubuhi huchomoza saa moja kasoro. Joto la ndani ya nyumba hufika kileleni baadaye zaidi, kati ya saa tisa na saa kumi, kwa sababu ukuta na ardhi vimekuwa vikilimeza tangu asubuhi na sasa vinalitoa. Nikisikia ushauri wa redioni kwamba watu wakae kivulini kuanzia saa tano hadi saa tisa, mimi huusogeza mbele kwa saa moja, na vijana wangu wa kazi wanajua kwamba saa sita hadi saa kumi hakuna mtu juu ya kenchi.

Joto letu si la kutisha ukilipima kwa kipimajoto peke yake. Ndugu zetu walioko Muscat wakipiga simu mwezi wa Juni husimulia nyuzi 45 kivulini. Hapa bondeni siku kali ni ya nyuzi 30 na ushei. Kinachotuchosha ni jinsi hali inavyogeuka ndani ya siku moja, na jinsi nyumba zetu zinavyoigeuza vibaya zaidi. Hewa hupoa kwa zaidi ya nusu nyuzi kwa kila mita 100 unazopanda, na Ngara mjini iko juu ya bonde la Mto Kagera kwa mita mia kadhaa. Ndiyo maana mtu hutoka Rusumo na fulana, akishuka kwenye gari Ngara anatafuta sweta. Halafu kuna kiangazi cha Juni hadi Agosti: mchana jua kali na vumbi jekundu, usiku anga tupu bila wingu la kuzuia joto la ardhi lisiondoke, alfajiri baridi ya kuuma vidole. Septemba na Oktoba mvua za vuli zinaanza kwa vurugu. Januari na Februari hukauka tena, na mvua za masika hushika Machi hadi Mei. Huo ndio mpangilio tuliokua nao, na wakulima wote wanakubali kwamba siku hizi hauaminiki kama zamani. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko yote iliyowahi kupimwa duniani, takriban nyuzi moja na nusu juu ya hali ilivyokuwa kabla ya enzi ya viwanda, na huku mabondeni hatukuhitaji mtu wa kutuambia.

Sasa paa. Rusumo iko nyuzi mbili na kidogo tu kusini ya ikweta. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua hutupitia utosini kabisa, na hata Juni likiwa limehamia kaskazini bado linakuwa juu sana wakati wa mchana. Maana yake kwa nyumba ni kubwa. Ukuta unaotazama kaskazini na ule wa kusini huguswa na jua kidogo tu, hasa kama paa limetokeza ukingo wa futi mbili. Ukuta wa mashariki hupigwa asubuhi, wakati hewa bado ni baridi na mtu analifurahia jua. Ukuta wa magharibi hupigwa jioni, wakati kila kitu kimeshachemka. Paa hupigwa asubuhi, mchana na jioni. Nyumba ya huku ikiwa na joto, usiulize kuta kwanza.

Kwa anayejenga sasa, ushauri wangu ni kwamba mgongo wa paa ulale kutoka mashariki kwenda magharibi, madirisha makubwa yatazame kaskazini na kusini, na upande wa magharibi viwekwe stoo, bafu au jiko, si chumba cha kulala watoto. Najua ugumu wake. Kila mtu anataka mlango utazame lami, na hiyo inaeleweka, biashara iko barabarani. Basi mlango utazame lami, lakini madirisha yafuate jua. Nimeona vyumba vya kupangisha pale Benako vimejipanga safu moja, kila kimoja na dirisha moja dogo linalotazama magharibi. Mpangaji akirudi jioni hulazimika kukaa nje hadi saa nne usiku ndipo aweze kuingia kulala.

Wazee wetu wa Kagera walilala kwenye msonge. Nyasi zake zilikuwa nene, pengine kiwiko kizima kutoka nje hadi ndani, na hewa iliyonaswa katikati ya nyasi hizo ilizuia joto lisiingie mchana na lisitoke usiku. Simwambii mtu arudi huko. Nyasi zinashika moto, zinavuja, zinafuga wadudu, na moshi wa ndani ya msonge uliwaharibu mama zetu macho na vifua. Bati lilikuja na heshima yake, na nyumba ya bati huvuna maji ya mvua. Lakini bati halifiki hata nusu milimita ya unene. Tulibadilisha kiwiko cha nyasi kwa kitu chembamba kuliko ukucha, tukaacha hapo.

Bati la rangi nzito likikaa juani mchana laweza kupita nyuzi 60. Joto hilo halisubiri hewa ya chumbani ichemke kwanza, linashuka moja kwa moja hadi kwenye kichwa cha aliyekaa chini yake, kama lile unalolisikia usoni ukisimama mbele ya tanuri la kuchomea matofali. Ndiyo maana mtu hufungua milango na madirisha yote na bado kichwa kinamuuma. Upepo unapita, lakini bati linaendelea kummulika.

Rangi ya bati inabadilisha mengi. Wateja wangu wengi siku hizi wanataka rangi ya maruni, ya kijivu cha mkaa au nyeusi kabisa kwa sababu ya urembo, na vijana waliotoka mijini wanataka nyumba za kuficha paa, zile ambazo ukuta unapanda juu na bati halionekani. Kwa hewa ya bondeni sizipendi. Paa la kuficha halina ukingo wa kukinga ukuta jua wala mvua, hewa ya moto hukwama humo ndani, na mvua ya mawe ikiziba mfereji maji huingia sebuleni. Paa la mgongo wa tembo, la rangi nyepesi, linayashinda hayo yote. Bati la kawaida likiwa jipya hurudisha jua vizuri, lakini likishashika kutu hunyonya joto zaidi mwaka hadi mwaka. Hapo dawa ni kulisugua kutu yote, kupaka rangi ya kuzuia kutu, halafu mikono miwili ya rangi nyeupe ya nje. Mji wa Ahmedabad kule India, ambao joto lake ni la kuua watu, ulianza mpango rasmi wa kukabili joto mwaka 2013, na kupaka mapaa ya maskini rangi nyeupe kumekuwa sehemu ya kazi hiyo. Chokaa nayo hufanya kazi, ila mvua za masika huiosha, utairudia kila mwaka.

Kubwa zaidi ya rangi ni silingi. Mtu atatumia mamilioni kwenye vigae vya sakafuni, chumbani hajaweka silingi. Kwa mwenye uwezo kuna bodi na kuna jipsamu. Kwa asiye na uwezo tuna mafunjo, na sisi wa bonde la Kagera tumejaliwa mafunjo. Jamvi la mafunjo lililosukwa vizuri lina hewa ndani ya kila bua, na hewa hiyo ndiyo iliyokuwa siri ya msonge. Likigongelewa chini ya kenchi, bati linalimulika jamvi badala ya kukumulika wewe. Tofauti mtu huisikia siku ile ile. Na mvua ikinyesha usiku, mtoto halali tena chini ya ngoma. Ila nina masharti. Nyaya za umeme zipite ndani ya mabomba, kamwe zisilale wazi juu ya jamvi. Kibatari na jiko visikae chini yake. Na kila kiangazi mtu apande aangalie panya na mchwa.

Silingi bila matundu ya hewa ni kazi nusu. Hewa iliyo kati ya bati na silingi huchemka, na isipopata njia itapenya kushuka. Toboa kuta za pembetatu za pande zote mbili za paa, upepo uingie huku utokee kule. Ziba matundu hayo kwa wavu mdogo wa chuma, popo na mbu wasipate makazi.

Hapo kwenye mbu nisimame kidogo, maana joto na malaria ni ndugu. Watu wengi wana chandarua na hawakitumii usiku wa joto. Mama mmoja mwuza chakula mpakani aliniambia, "Fundi, nikiingia ndani ya neti nasikia kama nimewekwa ndani ya chupa." Sikumlaumu. Nilimwonyesha mambo mawili. Kwanza, chandarua cha pembe nne kilichotundikwa juu na kuvutwa vizuri kina nafasi ya hewa kuliko kile cha duara kinachoning'inia puani. Pili, chumba chenyewe kikipoa, neti haiwi adhabu. Dirisha liwekewe wavu wa mbu ili libaki wazi usiku, na lile pengo linaloachwa kati ya ukuta na bati lisizibwe kwa tope. Pengo hilo ni pua ya nyumba. Mbu wanaoambukiza malaria hupenda kuingilia hapo, na Taasisi ya Afya Ifakara imefanya utafiti juu ya njia za kuwazuia mahali hapo hapo bila kuziba hewa. Kwa fundi wa kawaida njia rahisi ni wavu, uliopigiliwa barabara pande zote.

Tanzania yenyewe imetoa somo zuri katika jambo hili. Katika kijiji cha Magoda, wilayani Muheza, zilijengwa nyumba chache za majaribio zenye kuta nyepesi zinazopitisha hewa, baadhi za ghorofa. Ilionekana kwamba chumba cha juu kilikuwa na mbu wachache na usiku kilikuwa na ubaridi wa kulala. Baadaye Mtwara zikajengwa nyumba 110 za ghorofa moja juu, vijijini, ili kupima kama afya ya watoto wanaolala humo itakuwa bora kuliko ya wenzao. Mimi nachukua kwao wazo la kupitisha hewa na kuzuia mbu kwa pamoja. Kuta nyepesi siwezi kuzichukua. Mtwara hakuna alfajiri ya Julai kama ya Ngara. Huku tunahitaji tofali nene la udongo, linalomeza joto la mchana polepole na kulirudisha chumbani usiku wa manane, wakati tunalitaka. Watu wa Mji Mkongwe Zanzibar walilijua hilo zamani kwa kuta zao nene za mawe na chokaa, wakaongeza vichochoro vyembamba vya kutupiana kivuli.

Kisha upepo. Mwishoni mwa kiangazi ardhi imekauka, jua la Septemba liko utosini, na unyevunyevu unaanza kurudi hewani. Asubuhi anga ni jeupe. Saa saba mawingu yanapanda kama minara upande wa Burundi. Saa kumi unakuja ubaridi wa ghafla, vumbi linaruka, na kabla tone la kwanza halijaanguka upepo umeshafika kwenye bati. Eneo hili lote, kuanzia Ziwa Viktoria hadi mashariki ya Kongo, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi nyingi zaidi duniani. Mvua ya mawe nayo si mgeni: bati jembamba la geji 32 hubonyea na kutoboka, la geji 28 huhimili. Ukiwa na pesa ya kuongeza kitu kimoja dukani, ongeza unene wa bati kabla ya rangi yake.

Watu wanadhani upepo husukuma paa. Ukweli ni kwamba hulinyanyua. Upepo unaopita kasi juu ya bati hulivuta kwenda juu, na ule ulioingia kwa mlango au chini ya ukingo hulisukuma kutoka ndani, vyote viwili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mawe tunayoyapanga juu ya bati hayasaidii. Upepo wa kweli huyatupa, na jiwe likianguka kwa mtoto ni msiba. Kinachoshika paa ni mnyororo usiokatika kutoka bati hadi ukutani: bati kwenye papi, papi kwenye kenchi, kenchi kwenye boriti ya ukutani, boriti kwenye linta. Kila mahali panapotegemea msumari mmoja uliopigwa wima ndipo paa litakapong'okea. Mimi huzika nondo nyembamba za milimita 6 ndani ya linta wakati wa kumwaga zege, ncha zikitokeza juu, halafu nazikunja kuizunguka boriti na kenchi. Nyumba iliyokwisha jengwa bila nondo hizo bado inaokoleka kwa waya mnene unaopitishwa kwenye tundu la ukutani, kozi kadhaa chini ya boriti, na kukazwa. Misumari ya bati ipigwe kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde lake maji yanapopita, na kwenye kingo za paa ipigwe kwa ukaribu zaidi kuliko katikati, kwa sababu kingo ndizo zinazoanza kuvutwa.

Hapa ndipo joto na upepo vinapogombana, na fundi anatakiwa awe msuluhishi. Ukingo mrefu wa paa unakinga ukuta jua, lakini unaupa upepo mahali pa kushika. Jibu langu ni ukingo wa futi mbili tu, na anayetaka baraza pana ajenge paa la baraza peke yake, na nguzo zake, chini kidogo ya paa kubwa. Dhoruba ikilichukua la baraza, la nyumba linabaki. Baraza ninaitetea sana. Saa tisa mchana ndipo nyumba ya Rusumo inapohamia barazani: maharage yanachambuliwa hapo, mgeni anakaribishwa hapo, mzee analala hapo mkekani.

Radi inataka adabu yake. Ikianza kunguruma, toka chini ya mti, toka shambani, acha kuoga na kuosha vyombo kwenye bomba, chomoa televisheni. Nyumba yenye milango iliyofungwa ni salama kuliko mgomba wowote.

Na miti. Nilikuwa mvulana mwishoni mwa Aprili 1994 watu walipovuka Rusumo wakikimbia mauaji ya kimbari Rwanda. Walikadiriwa kufikia 250,000 ndani ya muda wa siku moja, na Benako ikawa mji wa maturubai mkubwa kuliko mji wowote niliokuwa nimewahi kuuona. Watu wale walihitaji kupika. Walipoondoka mwishoni mwa 1996 vilima vilikuwa vimenyolewa, na upepo wa vumbi uliotufikia baada ya hapo haukuwa ule wa utotoni. Walifanya kilicholazimu ili watoto wao wale. Lakini tangu wakati huo najua kwa macho yangu kwamba mti ni sehemu ya nyumba. Kilima kisicho na mti hurudisha joto lote usoni mwako.

Panda mti wa kivuli upande wa magharibi kwanza, hatua kumi hivi kutoka ukutani, ili ukianguka usiangukie paa na mizizi isiinue msingi. Mparachichi ni mzuri, mwembe ni mzuri, mgrevilia hukua haraka na haunyimi shamba. Mkaratusi uweke mbali, kwenye shamba la mbao, maana unakunywa maji mengi na matawi yake huvunjika kwa upepo. Na usidharau migomba. Shamba la migomba lililozunguka nyumba, lenye matandazo ya nyasi chini, hutoa unyevu hewani siku nzima, na upepo unaopitia hapo hufika dirishani umeshapoa. Bibi zetu walizungushia nyumba migomba kwa ajili ya chakula, na ubaridi wakaupata hapo hapo. Uwanja wa zege kuanzia mlangoni hadi barabarani unaonekana safi, lakini saa tisa unakuwa jiko la pili.

Dada yangu ni muuguzi katika zahanati, na mengi ninayosema kuhusu watu waliomo ndani ya nyumba nimeyapata kwake. Analalamika zaidi juu ya watoto wachanga. Mchana wa bondeni, mtoto wa wiki tatu analetwa amevaa kofia ya sufu, sweta, soksi na blanketi mbili, mwili unachemka, mama anasema ana homa. Mara nyingine ni homa kweli na lazima apimwe malaria bila kuchelewa. Mara nyingine akivuliwa na kunyonyeshwa anapoa. Mtoto avae kama mama yake alivyovaa, na alfajiri aongezwe nguo. Aliye chini ya miezi sita hapewi maji hata siku ya joto kali, anyonyeshwe mara nyingi zaidi, maji yake yako kwenye maziwa ya mama. Wazee nao wana shida yao: kiu yao hupungua wakati mwili unahitaji maji, na wanaokunywa dawa za presha zinazowakojoza hupoteza zaidi. Bibi asiulizwe kama ana kiu. Aletewe maji ya mtungini, kikombe mkononi. Mtungi wa udongo unapoza maji kwa kuvuja jasho lake, hautaki umeme, na ukiwekwa kivulini penye upepo maji yake yanatosha kabisa.

Kwa sisi tunaofanya kazi juani, pamoja na wapagazi na madereva wanaosubiri foleni ya forodha ndani ya vichwa vya malori, ishara za kuangalia ni hizi: kichwa kuuma, kichefuchefu, misuli kukaza, mkojo wa rangi ya chai. Hapo ni kivuli, maji na kupumzika. Aliyetoka jasho jingi atengenezewe lita moja ya maji safi yenye vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Lakini mtu akianza kuongea ovyo, kuyumba au kuzimia huku ngozi inawaka, hiyo si ya nyumbani tena. Mmwagieni maji, mpepeeni, na akimbizwe hospitali, Murgwanza au iliyo karibu zaidi. Asilazimishwe kunywa akiwa hana fahamu.

Alfajiri ya Julai ina hatari yake, na huwa haisemwi. Familia ikiona baridi huingiza jiko la mkaa chumbani, ikafunga mlango na dirisha. Mkaa unaoungua penye hewa kidogo hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na watu huaga dunia usingizini. Hakuna baridi ya Ngara inayostahili hilo. Silingi ile ile iliyozuia joto la mchana huzuia la usiku lisitoroke kupitia kwenye bati, na nyumba yenye silingi, blanketi na ukuta mnene haihitaji jiko ndani.

Watu huniuliza pia kuhusu umeme, hasa tangu mtambo wa maporomoko ya Rusumo ukamilike, megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Feni ni kitu kizuri, hutumia wati 50 hadi 75, na kwa nyuzi zetu za 30 inasaidia kweli. Kiyoyozi cha chumba kimoja hula wati elfu moja na zaidi, na kukiweka chini ya bati lisilo na silingi ni kununua LUKU ili kupoza anga la Kagera.

Yule mama wa mpakani aliniuliza swali la haki kuliko yote: "Fundi, nina pesa ya kazi moja tu mwaka huu. Nianze na ipi?" Nilimwambia aanze na waya za kenchi, zikazwe Agosti kabla vuli haijafika, kwa sababu paa likiondoka mengine yote yamekwenda nalo. Zikibaki senti, majamvi ya mafunjo ya chumba cha watoto, na matundu mawili ya hewa juu yake. Miche ya mparachichi haina gharama, kokwa zinatupwa kila siku pale mgahawani kwake, azipande mvua za kwanza zikianza. Rangi nyeupe isubiri Juni inayofuata, bati likiwa kavu.